Karatasi Iliyosubiri Hadi Jumamosi

Mwezi uliopita nilikabidhi ofisi ya usharika wetu wa Katubuka kwa binti aliyesomea ukatibu kwelikweli. Mimi nilisomea sosholojia chuo kikuu, nikarudi Kigoma kusubiri kazi inayonifaa, na wakati nasubiri nikaketi kwenye kiti cha karani wa kanisa. Nimekikalia miaka ishirini na saba. Nilimkabidhi mhuri, kabati la chuma, madaftari ya maombi na funguo tatu, mmojawapo haufungui chochote lakini hakuna aliyewahi kuthubutu kuutupa. Akaniuliza kama kuna maelekezo ya kazi yaliyoandikwa. Nikamwambia yapo. Hayakuwepo. Ndiyo haya ninayoandika sasa, kwa ajili yake na makarani wenzake wa sharika za jirani, kuanzia Ujiji mpaka Kidahwe.

Habari za mshahara sitaandika. Ilikuwa habari fupi.

Siku yangu ya kwanza nilivaa tai. Mzee Ntabaye, karani niliyekuwa naenda kurithi nafasi yake, alinitazama kuanzia shingoni kwenda chini, akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akanipa fagio. Baada ya kufagia akanionyesha kazi. Matangazo, vyeti vya ubatizo, barua za utambulisho, hayo yote aliyamaliza kwa robo saa. Saa tatu zilizobaki alinifundisha jambo moja: jinsi ya kupokea ombi.

Msomaji asiye wa kanisa letu ajue kwamba kwetu, mtu anayetaka kuombewa Jumapili huandika haja yake kwenye kipande cha karatasi. Karani hukusanya karatasi hizo, huzisoma mbele ya usharika, halafu watu wote wanasimama na kuomba. Baada ya ibada kila karatasi inabanwa kwa pini kwenye daftari la mwaka. Ni kazi rahisi. Mtoto wa darasa la nne angeiweza, na angeiweza vizuri zaidi yangu, kwa sababu mtoto wa darasa la nne husoma neno moja baada ya jingine.

Mzee Ntabaye hakupokea karatasi kwa mkono tu. Alikuwa na kiti cha pili ofisini, cha mgeni. Siku hiyo ya kwanza alikuja bibi mmoja kuombewa macho. Mzee akamkalisha, akasoma karatasi yake mbele yake, kisha akamuuliza, "Na sisi tufanye nini?"

"Muniombee."

"Tutakuombea. Macho yameanza lini?"

Ilichukua muda mrefu, pamoja na habari za mihogo na za mkwe aliyeko Kasulu, mpaka ikajulikana kwamba macho hayana tatizo. Miwani ndiyo iliyokaliwa na mjukuu. Jumapili tukamwombea macho kama alivyoandika, na kabla ya Jumatano mzee mmoja wa benchi la nne, fundi saa, alikuwa ameikaza ile miwani kwa waya. Mimi nilikaa pembeni na tai yangu nikihesabu kwamba watu sita wamekula asubuhi nzima. Nikajiambia kwamba siku nitakapokuwa karani peke yangu, kutakuwa na utaratibu.

Ukawepo. Mzee Ntabaye alipopumzika, jambo la kwanza nililofanya ni kumwagiza seremala sanduku la mninga lenye mdomo mwembamba, nikaliweka mlangoni mwa kanisa. Hakuna tena kukalishana. La pili, nilibuni mafungu: wagonjwa, wafiwa, wasafiri, mahitaji maalumu na shukrani. Jumapili, kati ya ibada ya kwanza na ya pili, nilikuwa na dakika kumi. Nilifungua sanduku, nikapitisha jicho kwenye kila karatasi, nikaitupia kwenye fungu lake, kisha nikasoma majina chini ya kila fungu. Karatasi arobaini kwa dakika tatu. Mchungaji alifurahi. "Karani," aliniambia, "siku hizi maombi yanaisha kabla watoto hawajaanza kulia."

Nami nilijiona mtu wa maana, hasa baada ya lile jambo la mama mkwe. Jumapili moja sandukuni mlikuwa na karatasi mbili kutoka nyumba moja. Mama mkwe aliomba mkwewe alainishwe moyo. Mkwe aliomba mama mkwe apunguziwe ulimi. Ungezisoma kama zilivyo, wangetoka kanisani kwa milango tofauti. Nikaziunganisha: "Familia moja inaomba upendo." Wote wawili wakasema amina kwa sauti kubwa kuliko wengine. Kisa hicho nilikihadithia kwenye semina mbili za makarani kama mfano wa hekima ya kiofisi.

Mzee Ntabaye, ambaye sasa aliketi benchi la pili na fimbo yake, alinisubiri nje siku moja. "Vizuri sana," alisema. "Sasa tunamwombea kila mtu bila kumjua yeyote." Nilimjibu kwa maneno ya msomi mmoja niliyemsoma chuoni, ambayo kwa rehema za Mungu nimeyasahau. Mzee akacheka, akaenda zake. Tulimzika mwaka uliofuata. Kwenye daftari la wiki ile jina lake liko chini ya wafiwa, kwa mwandiko wangu, kwa kifupi.

Tulikuwa pia na desturi ya kutambuana. Mara moja kwa mwaka kila muumini aliandika jina la mtu mmoja anayemshukuru katika usharika, na mimi nikayasoma. Mtu akifuatilia madaftari yangu ataona majina ni yale yale: mchungaji, mke wa mchungaji, mwenyekiti wa kwaya, mzee wa kanisa aliyetoa mabati. Mwenyekiti wa kwaya ya akina mama ni mke wangu, Mama Eliya, kwa hiyo sikuona kasoro yoyote kwenye orodha hiyo.

Jina la Mama Furaha halimo hata mara moja. Nilihakikisha baadaye.

Mama Furaha ni mjane, alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akaja huku akiwa msichana. Aliketi benchi la mwisho karibu na mlango. Kazi yake ilikuwa kushusha mizigo kwenye boti pale Kibirizi: magunia ya dagaa, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese. Ana mabega ya mtu anayebeba. Katika miaka yote hiyo, maongezi yangu na yeye yalikuwa "Bwana asifiwe" na "Amina." Kama mngeniuliza habari zake ningesema ni mama mtulivu, jambo ambalo, kama mtakavyoona, lilikuwa kosa la kiutafiti.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe.

Kwaya ya akina mama ilialikwa kuimba Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Gombe, kusikofikika ila kwa maji. Walikodi boti ya mbao. Jumapili iliyotangulia nilisoma, chini ya fungu la wasafiri, "Kwaya yetu inayosafiri Jumamosi, safari yao iko mikononi mwa Bwana." Watu wakaomba kwa bidii. Jumamosi saa mbili asubuhi mke wangu akatoka amevaa sare ya bluu, mkeka kwapani. "Usisahau kuku," aliniambia, maana yake niwape maji. Nikaenda ofisini kubana karatasi za wiki kwenye daftari, kazi niliyoipenda kwa sababu inaonekana kama kazi na haichoshi.

Nilikuwa na pini mkononi nilipofika kwenye karatasi iliyokatwa kutoka daftari la shule, imeandikwa kwa kalamu pande zote mbili. Nikaisoma, kwa sababu tu pini haikutaka kupita na ilibidi niishike. Ilisema hivi:

"Muniombee mimi Mama Furaha. Naogopa Jumamosi. Ile boti kwaya imekodi mimi nashusha mizigo humo kila siku. Ubao wa chini karibu na mashine umeachana na mwenzake. Wameziba na matambara na lami. Ikija na dagaa watu wawili wanachota maji njia yote. Kwaya hawatajua kuchota. Msimamizi wa boti amesema nikitoa maneno hayo nje sina kazi tena. Nina wajukuu watatu. Nashindwa kusema. Mungu aseme badala yangu."

Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na mwandiko wangu: *wasafiri*.

Sitaki kujitetea kwamba sikuwahi kuiona. Niliiona. Jicho langu lilipita juu yake siku ya Jumapili kama linavyopita kwenye maandishi ya pakiti ya chumvi. Likaona "kwaya," likaona "Jumamosi," likatosheka. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tatu. Boti ilikuwa iondoke saa tatu.

Nilimpigia mke wangu. Ikaita mpaka ikakata. Nikampigia mchungaji, aliyekuwa nao safarini. Ikaita mpaka ikakata. Nikawapigia wanakwaya wanne ambao namba zao ninazo. Baadaye nilijua kwamba walikuwa wamekusanya simu zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, wakaufunga fundo ili zisilowe, na mfuko ulikuwa unaita kama kizimba cha vifaranga huku wao wakiimba.

Nilikimbia barabarani na ile karatasi mkononi, nikapanda bodaboda. Tukapita mjini, nikiwa nimemshika dereva kiunoni kama mtu anayezama tayari, na njia nzima nilikuwa nafanya hesabu: watu thelathini na nne, mchungaji, nahodha, mtu wa mashine. Nani kati ya akina mama wale anajua kuogelea? Mmoja, labda. Aliyekulia ufukweni ni mmoja. Wengine ni wa milimani, wa Kasulu na Manyovu, wanaogopa hata beseni.

Kibirizi palikuwa na watu kama kawaida, na pale kwenye maji palipokuwa na boti yao palikuwa wazi. Walikuwa wameondoka mapema, robo saa kabla. Boti ilionekana kwa mbali, imeinama kidogo mbele, bluu ya sare ikionekana bado. Mama Furaha alikuwa amesimama hapo hapo, maji yakimfika vifundoni, anaitazama.

"Mama Furaha!"

Akageuka. Akaiona karatasi mkononi mwangu, akaijua.

"Karani," alisema, "si ulinisomea Jumapili?"

"Sikusoma. Yaani nilisoma, lakini..."

"Miye nilisikia na masikio yangu. Ulisema safari yao iko mikononi mwa Bwana. Nikajua wakubwa wamekaa, wameiangalia ile boti, wameona iende. Nikasema, haya, miye ni nani?" Akaitazama tena karatasi. "Hakuna aliyekaa?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyeangalia?"

"Ni mimi tu, Mama. Na sikuangalia."

Sijawahi kutazamwa hivyo. Hakukuwa na hasira ndani yake. Alinitazama kama unavyotazama gunia ulilofikiri lina kitu, ukalinyanyua likawa jepesi. Kisha akageuka akamwita mvuvi mmoja aliyekuwa anafunga mashine kwenye boti yake ndogo, Bwana Shabani.

"Shabani! Ile ya kwaya, ubao umeachia. Tuwafuate."

"Nani yumo?"

"Mama Eliya na wenzake."

Nilifungua mdomo kueleza, kuomba, kuahidi. Bwana Shabani hakunisubiri. "Mama Eliya ananunua dagaa kwangu miaka yote," alisema. "Karani, vua viatu, usije ukanitobolea boti na mimi." Mtu wa boti ile nyingine, yule msimamizi, alikuwa amekaa juu ya pipa hatua chache kutoka hapo. "We mama," alimwambia Mama Furaha, "unajua nilikwambiaje." Mama Furaha alichukua makopo mawili makubwa ya kuchotea maji, akayarusha ndani ya boti ya Shabani, akapanda.

Mimi siogelei. Nimezaliwa kilomita mbili kutoka ziwani na siogelei. Nilikaa katikati nikiwa nimeshika mbao kwa mikono yote miwili, karatasi nimeiuma mdomoni. Boti yetu ilikuwa nyepesi na mashine ya Shabani nzuri, lakini kufuata kitu majini ni mateso ya aina yake. Unaona unachokifuata wakati wote na hakikui. Milima ya upande wa kulia ilikuwa inasogea, sisi tulionekana tumesimama. Mama Furaha alikuwa amesimama mbele, mkono juu ya macho.

"Imeshuka," alisema.

"Imeshuka nini?" niliuliza kupitia karatasi.

"Mstari wa rangi nyeupe ubavuni. Asubuhi ulikuwa juu ya maji. Sasa siuoni."

Tuliwakaribia baada ya muda ambao saa yangu inasema ni nusu saa na mimi siiamini. Walikuwa wanaimba. Walipotuona wakafurahi, wakapunga mikono. Mama mmoja akapiga kigelegele. Mchungaji alisimama akaweka mikono mdomoni: "Karani! Umeleta spika?" Mke wangu aliniona bila viatu, karatasi mdomoni, katikati ya ziwa ninaloliogopa kuliko kaburi, na ni yeye peke yake aliyeacha kuimba.

Nilipiga kelele. Mashine mbili zilikuwa zinanguruma na wimbo ulikuwa wa sauti nne. Nikaonyesha chini kwa vidole. Wakafikiri nawaonyesha samaki, wakachungulia wote upande wetu, na boti ikalala. Ikalala kabisa. Nikaona maji yakiulamba ukingo na mwanakwaya mmoja akimshika mwenzake shingoni.

"Kaeni!"

Sikujua kwamba mwili wa mtu unaweza kutoa sauti ile. Yule mama mtulivu wa benchi la mwisho alikuwa amepanua miguu kwenye pua ya boti ya Shabani. "Kaeni chini! Kila mtu pale alipo! Anayesimama anamuua mwenzake! Mchungaji, na wewe kaa!" Mchungaji akakaa. Boti ikarudi taratibu. "Mama Eliya! Ondoa mkeka. Angalia chini ya mkeka."

Mke wangu akafunua mkeka. Chini yake kulikuwa na maji meusi yenye mafuta, yamefika kwenye mbao za kukanyagia, na matambara mawili yakielea ndani yake.

Hakuna aliyelia. Nasema hivi kwa heshima yao. Nahodha alikuwa anatazama kila kitu isipokuwa maji. Shabani alisogeza ubavu kwa ubavu na Mama Furaha akavuka kama anavyovuka kila siku akiwa na gunia kichwani. Akaenda moja kwa moja nyuma, kwenye mashine, akafungua kitenge chake cha juu, akakikunja, akakisokota ndani ya ule mwanya na kuukalia kwa goti. Kopo moja akampa mke wangu, moja akampa mchungaji. "Choteni. Msiharakishe, mtamwaga humu humu. Wewe nahodha, geuza pua nchi kavu." Nahodha akaanza kusema kwamba Mwamgongo si mbali sana. Mama Furaha alimwangalia tu. Nahodha akageuza.

Wale waliokaa karibu na ukingo walihamia boti yetu mmoja mmoja, kumi, kila mmoja kwa amri yake. Mmoja alinikalia mguu njia nzima na sikuthubutu kuuondoa. Nilichota na mimi, kwa kiatu cha Shabani. Tulikwenda hivyo kuelekea ufuko wa karibu, polepole, na sala zilizosaliwa humo zilikuwa fupi na hazikuhitaji mafungu. Nilisikia mama mmoja anarudia jina la Mama Furaha, anamtajia Mungu, asije akalisahau. Mbao zilipogusa mchanga maji yalikuwa yamefunika nusu ya mashine. Sijui tulikuwa tumebakiza muda gani. Shabani anajua, nilimuuliza, akakataa kuniambia.

Ufukweni walikaa kwenye mchanga na sare zao, wamelowa. Mke wangu alinyoosha mkono. "Nipe." Nikampa karatasi. Akaisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Sandukuni."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

Hakunitukana. Alisimama, akawasomea wenzake wote kwa sauti, tangu "Muniombee mimi" mpaka "Mungu aseme badala yangu," na mwandiko wangu mwekundu wa juu akausoma pia. Mama Furaha alikuwa pembeni anakamua kitenge. Alipomaliza kukikamua akakitandika juu ya jiwe kikauke, akauliza kama kuna mtu amebeba chochote cha kula.

Jumatatu msimamizi alitimiza neno lake, akamfukuza kazi. Jumanne mke wangu na wanakwaya wengine wanaofanya biashara ya dagaa walikwenda Kibirizi. "Magunia yangu yanashushwa na Mama Furaha," mke wangu aliwaambia wenye boti, mmoja baada ya mwingine. "Boti ambayo yeye haruhusiwi kukanyaga, dagaa wangu hawapandi." Mmoja akamuuliza huyo mama ni nani hasa. "Ni wa kwetu," alijibu. Wanawake wanaonunua dagaa pale ni wengi na wana midomo. Mpaka wiki inaisha Mama Furaha alikuwa na boti tatu za kuchagua, na ile yenye matambara ilikuwa imevutwa juu mchangani na wakaguzi, imefungwa mnyororo.

Makarani vijana, hapa ndipo mtategemea niseme nilichojifunza. Sanduku lile liko stoo, mnaweza kufugia kuku. Baada ya siku ile nilikarabati kiti cha mgeni na nikapokea watu mmoja mmoja, na maombi ya Jumapili yakarudi kuwa marefu na watoto wakaanza kulia tena. Wale mama mkwe na mkwe wake nao nilikwenda kuwaona, miaka mingi nikiwa nimechelewa; walikuwa bado hawasemezani, kila mmoja akisubiri ule upendo nilioutangaza uanzie kwa mwenzake. Siku hizi wanasalimiana. Zaidi ya hapo sidai.

Lakini kuna Jumapili moja nimeiruka, na mke wangu, anayesoma kurasa hizi kabla yenu, amesema nisipoiandika ataiandika yeye.

Alhamisi ya wiki ile, Mama Furaha alikuja ofisini. Nilimpa kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, marefu, yenye utangulizi. Akanikatiza.

"Nipe kalamu."

Akaandika hapo hapo mezani, polepole, ulimi umetoka kidogo. Akanisukumia karatasi. "Isome sasa. Mbele yangu. Yote."

Niliisoma. Nikamwuliza, "Mama Furaha, hii kweli niisome kanisani?"

"Kazi yako ni nini?"

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Kulikuwa na karatasi za shukrani kutoka kwa wanakwaya wote, na zote, safari hii, zilikuwa na jina lake. Nilizisoma zote, neno kwa neno, hakuna aliyetazama saa. Zikaisha. Ikabaki moja. Nilikuwa nimevaa tai. Nikashika mimbari.

"Mama Furaha anaomba hivi," nilisema. "'Mumuombee Karani. Si mtu mbaya. Anatuandika wote kwenye daftari lakini hajui sisi ni nani. Mungu amsaidie akutane na sisi. Na mimi namshukuru, kwa sababu alikuja ziwani na kuogelea hajui.'"

Maneno ya mwisho niliyasoma nimeinamia karatasi, kwa sauti ya chini. Watu walikuwa wameshaanza kusimama kwa ajili ya kuomba. Ndipo kutoka benchi la mwisho, karibu na mlango, ile sauti niliyoisikia juu ya maji ikavuka vichwa vyote.

"Karani! Huku nyuma hatujasikia. Soma tena."

Usharika mzima ukakaa chini kusubiri. Nikaishika karatasi kwa mikono miwili, nikaanza upya.